Wiki Tatu Ndani ya Chupa ya Jirani

"Mama, umeiosha?" Mara ya tatu hiyo ananiuliza, shoga, yule binti anayesomea kemia, wa chumba cha pili. Nami kifua mbele: "Nimeiosha. Hata asante husemi?"

Chupa niliikuta bombani na maji meusi kama masizi. Nikamwaga, nikasugua kwa waya wa sufuria mpaka ikang'aa.

Kumbe yale meusi ni kazi yake ya wiki tatu: anapiga cheche za umeme ndani ya spiriti, anaziita plazma, na spiriti inaachia vipande vya kaboni vyembamba kuliko utando wa buibui. Kesho mwalimu wake asipoviona, anarudia mwaka.

Nimemwaga mwaka wa mtu, shoga. Tena nikiimba.

Nikamwambia, "Masizi si masizi? Kwangua sufuria zangu." Akakaa kwenye ngazi akalia, akacheka, akalia tena.

Anasema akianza sasa, kufikia jioni atapata kidogo cha kuonyesha. Kwake umeme umekatika, kwa hiyo mtambo wake wa cheche uko mezani kwangu, unawaka zambarau, na majirani wote wamejaa mlangoni.

Nimemwambia aingie ale kwanza. Amekubali, mradi nisiguse chombo chochote.