Mafuta Meusi ya Babu

Jumamosi, 18 Oktoba 2025
Baba amebadilisha mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya gari la marehemu Babu. Miaka ishirini na saba hayakuguswa! Yalitoka meusi, yananuka kuungua. Mapya mekundu kama sharubati ya cheri. Anataka gari liwe safi tarehe mosi Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, tukimpeleka Bibi kaburini kwa Babu kuwasha mishumaa.

Mimi nilimshikia tochi. Na Babu alikuwa ameniambia! Tulikuwa garini, mvua nje, tunakula mbegu za alizeti. Mafuta haya yamezeeka pamoja na gari, alisema, asiyaguse mtu. Nilipaswa kusema. Ila mimi nikichelewa kusema, basi tena.

Mchana Bibi akanipa brashi. Mafuta machafu kwetu hayatupwi — yanapakwa nguzo za uzio zisioze. Nikapaka zote.

Jumapili, 19 Oktoba
Injini inanguruma, gari haliendi! Linajivutavuta tu. Kilima cha kanisani likagoma kabisa. Jirani Dénes akapaza sauti getini: "Vencel, mpe shayiri, farasi wako ana njaa!" Baba alicheka. Masikio mekundu.

Jumatano, 22 Oktoba
Kwa fundi Sorin, mjini. Baba akanisukuma mbele: "Kiromania ongea wewe, mimi kinanishinda." Nyumbani Kihungaria, shuleni vyote viwili — na vyote vikanikauka mdomoni. Sorin akasubiri. Mpole.

Klachi za ndani ya giaboksi zimelika, akasema. Unga wao uliokuwa kwenye mafuta ya zamani ndio uliokuwa ukizisaidia kushika.
"Yarudisheni hata nusu. Yako wapi, binti?"
"Kwenye uzio."
Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Halafu nikataka kulia.

Njiani Baba akasema: lisipofika makaburini, linakwenda chuma chakavu.

Alhamisi, 23 Oktoba
Nimekaa garini peke yangu. Harufu ya tumbaku. Tufaha. Maganda ya alizeti bado yapo chini ya kiti — sikuyaokota. Nikawasha, nikajaribu uani. Mbele, linajivuta tu. Nyuma, linashika vizuri!
Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 1 Novemba
Naandika juu ya goti, kiti cha nyuma.

Dénes alitaka kumpeleka Bibi kwa gari lake. Bibi, maua mapajani: "Kwa mume wangu naenda na gari la mume wangu." Magoti yake hayapandi kilima tena.

Katikati ya kilima cha makaburini, likafa nguvu. Watu na mishumaa yao wakatuzunguka, wengine wakitazama. Baba akashika ufunguo azime.

"Baba, rivasi!" Sauti yangu! "Rivasi inashika!"

Akageuza gari. Tukapanda kinyumenyume. Bibi akitazama bonde lote chini, nyumba yetu, nguzo nyeusi.
"Uzio umependeza," akasema.

Sasa tumesimama kona ya pili, injini ipoe. Bado kona moja. Baba ananitazama kwenye kioo.
"Ulijuaje?"
Nilijaribu uani, nikamwambia.
"Na babu yako hakuwahi kukuambia lolote kuhusu hili gari?"
Bibi naye amegeuka.
Safari hii nasema: "Alisema, Baba. Mafuta asiyaguse mtu, alisema, mvua ikinyesha nje, tukila alizeti —"