Kichwa cha Neema, Kutoka Paris Hadi Cologne

Albert Park, Durban

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, bado anapanda kilima kwenda kwaya hata mvua ikinyesha? Mimi huku ni mzima. Lifti ya jengo letu imekufa tena, napanda ghorofa tisa kwa miguu, na leo sijali hata kidogo. Nimerudi kutoka Ulaya juzi, Baba, na nimerudi mshindi. Keti vizuri, umwite na Mama asikilize.

Unajua nilikwenda kumsuka Neema, mjukuu wako, mtoto wa dada Espérance wa Paris. Neema anafundisha watoto wadogo, ndiyo maana harusi iliwekwa kwenye likizo ya vuli, wakati shule zimefungwa na majani yanaanguka. Bwana harusi anakaa Cologne, Ujerumani. Ukoo wake una desturi: mashangazi humpokea bibi harusi anaposhuka safarini, wakamfungua kitambaa mbele ya watu na kukagua kichwa. Kichwa kikiwa hovyo, ukoo wa bibi harusi umeumbuka. Yaani sisi. Yaani wewe.

Nilitakiwa kufika Paris Ijumaa asubuhi, nisuke kutwa, Jumamosi tupande treni. Lakini pale pa kubadilisha ndege, askari alitazama hati yangu ya ukimbizi akauliza nafanya kazi gani. Nikajibu, ofisini. Sikufichi, Baba, nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo unavyowaambia watu wa kanisa miaka yote, nami nimelizoea hilo neno mpaka linatoka lenyewe. Kwenye karatasi za viza iliandikwa msusi. Wakaniweka chumbani, wakauliza na kuuliza, ndege ikaondoka. Mwishowe walimpigia simu Maman Wivine, mwenye saluni yetu. Alipiga kelele mpaka nikamsikia pale nilipokaa:

"Eish! Bureau gani, ofisi gani? Huyo ni msusi wangu! Mumuachie, mariage iko kesho, bibi harusi anamungoja!"

Nilitua Paris Jumamosi alfajiri, nikaenda moja kwa moja stesheni. Neema alikuwa ameshaosha kichwa, nywele zimesimama wima, na dada Espérance analia.

"Avae perruque tu," dada akasema.

"Perruque? Wigi wataivuta mbele ya watu wote!" Neema naye akaanza kulia.

"Mupande treni," nikawaambia. "Tutasuka humo humo."

Neema akakaa juu ya sanduku langu, kichwa kati ya magoti yangu. Dada akashika mafungu ya nywele niliyonunua soko la Warwick huku Durban. Treni ile inakimbia, Baba, lakini haikurushi. Chai inakaa kikombeni. Mistari ya kisogo niliisuka Ufaransa, nje mashamba tambarare na ukungu. Mkaguzi wa tikiti alikuja akanuna, eti hapa si saluni. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele yetu akamjibu kwa ukali kwamba yeye anatazama na hataki kukatizwa. Ubelgiji yote nikasuka upande wa kulia, vidole vinawaka moto.

Tulipoingia Ujerumani, polisi wakapanda. Nilikuwa katikati ya mstari, nikiuachia unafumuka, kwa hiyo nikamwomba polisi aichukue hati mwenyewe mkobani. Akaigeuza mbele na nyuma. Akauliza kwa Kifaransa cha kubabaisha, nafanya kazi gani.

"Msusi!" nikasema, na behewa zima likasikia.

Akatazama hati, akatazama kichwa cha Neema, akacheka, akairudisha mkobani. Yule bibi akapiga makofi. Nililia, Baba, kwa furaha, machozi yakamdondokea Neema shingoni.

"Mama mdogo, usilie, kumebaki mistari tano!"

Wa mwisho niliufunga treni ikiingia stesheni. Mashangazi walikuwa wamejipanga na vitenge vya aina moja, wanaimba. Mkubwa wao akafungua kitambaa. Akapitisha vidole kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, mstari kwa mstari, bila haraka.

"Ni nani alisuka huyu mtoto?"

"Ni mimi, Maman. Hii njo kazi yangu."

Alipiga kigelegele, stesheni nzima ikageuka. Kabla sijaondoka Cologne, watatu kati yao nilikuwa nimewasuka, nao waliinama kwangu kama watoto.

Huyo shangazi mkubwa ni mtu wa huko kwenu Bukavu. Anakuja huko Noeli, na amesema lazima afike nyumbani amwone baba wa yule msusi. Mkaribishe, Baba, na usimpeleke ofisini.

Nakutumia picha ya kisogo cha Neema, muitundike sebuleni. Msalimie Mama. Msalimie kaka yangu fundi wa baiskeli na mke wake, na jirani yetu mshonaji aliyenifundisha kusokota uzi. Na shemasi wetu, wa kwanza kuambiwa habari za ofisi yangu, msalimie sana. Yeye msomee barua hii kwa sauti, mpaka kwenye jina.

Ni mimi binti yako,
Zawadi, msusi.