Santuri za Kumlaza Machibya

Mabatini, Mwanza

Mke mwenzangu Kabula,

Huku mvua inanyesha na kifua changu kimekataa dawa. Sitaki kufa na uongo wangu. Uliponiuliza ni jazi gani humlaza mume wetu Machibya usiku, nilikutajia zile zenye tarumbeta za kasi. Ulikuwa wivu tu. Nilitaka akeshe huko kwako Buhongwa akinikumbuka. Kinachomlaza hasa ni piano ya taratibu, au saksafoni laini isiyo na mwimbaji. Santuri hizo nakutumia zote.

Jana nilimwambia ukweli, akacheka. "Ah, bi mkubwa! Zile tunazicheza na Kabula mpaka alfajiri."

Kumbe kwako alikuwa akicheza, kwangu akija kusinzia.

Mpigie hizi za taratibu, mdogo wangu. Tafadhali, na kwako alale.

Anayekuachia mume,
Getruda