Trei za Mayai Ukutani

Jamani banange, Rumaisa! Usinipigie, soma tu.

Si unajua wanafunzi wangu wa Kurani wanamwamsha mtoto wa Phelister, yule jirani Mkenya? Leo tukasema tuujaribu ukuta, tuone nini kitazuia sauti. Mimi nawasha rekodi ya watoto wakisoma, yeye anasikiliza upande wake.

Trei za mayai, zile kila mtu anazisifia: anasikia kila neno! Blanketi: anasikia. Godoro: kimya kabisa.

Nilifurahi wallahi. Nikamwambia haya, godoro litakaa hapo hapo.

Akaja mlangoni, mtoto mgongoni, hata hakuingia. Akasema polepole, "Dada, usiliweke. Siku mumeo akikupiga tena, sitasikia."

Tena. Amesema TENA, Rumaisa.

Na jicho lilipovimba mwezi jana, ni huyu huyu aliyeniletea uji. Akakaa na mimi, akanipa pole ya kuanguka na boda, kama nilivyowaambia nyote. Kumbe alikuwa anajua!

Ngoja. Pikipiki ya Habib hiyo, mume wangu anaingia getini.

Godoro nimeliondoa.