Mkia wa Jumamosi

Jumamosi, 3 Mei

Nimevalishwa mkia! Kapteni amepuliza filimbi yake — mtu anauza nyama wiki nzima, Jumamosi anageuka jenerali — akatangaza kwamba zamu yangu imefika, na safari hii hakuna cha mafua wala cha mteja wa dharura. Visingizio vyote hivyo nilishavitumia. Akanivisha kile kizibao cha rangi ya machungwa chenye kitambaa kirefu kilichoshonewa nyuma. Klabu nzima ikapiga makofi. Wifi yangu alipiga kuliko wote.

Kazi ya mkia ni kuwa nyuma ya mtu wa mwisho. Humpiti. Akitembea unatembea, akikaa unakaa. Na huvuliwi kizibao mpaka huyo wa mwisho avuke mstari wa kumalizia pale uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Akipanda pikipiki, au akiingia nyumbani kwa mtu, unarudia Jumamosi inayofuata. Sheria tumeitunga wenyewe. Siku ile tulicheka sana.

Sasa sicheki. Mwezi ujao ni Mbio za Kupokezana za Mitaa, na kila klabu inatoa mwanamke mmoja tu. Mchujo ni tarehe 7 Juni na mkia haingii mchujo. Mwaka jana alikimbia Wifi. Ni dada wa mume wangu, nampenda, sina neno — lakini picha yake na medali viko juu ya televisheni ya Mama Mkwe, na kila nikienda kula pale naila ile medali kwa macho. Mwaka huu ninayo miguu. Majuzi nilimpita kilimani, akajifanya anafunga kamba ya kiatu!

Nilijipa moyo: wiki moja tu, nakabidhi. Kumbe leo kuna mwanachama mpya. Raba nyeupe pee, kofia, mkoba begani. Mama Mkwe! Kasema amechoka kusikia habari za mbio bila kuziona.

Hata sokoni hatujafika, kakaa kwenye benchi la fundi cherehani kupumzika. Nikainama kukaza kamba zangu. Kuinua kichwa, namwona mgongoni mwa pikipiki, ananipungia mkono. Nimeingia uwanjani peke yangu na mkia wangu. Yeye yupo kivulini, ameshakunywa maji, ananiuliza mbona nimechelewa.

Jumapili, 4 Mei

Mume wangu amecheka mpaka akapaliwa na chai. Nikamwambia ni mama yako yule. Akasema ndiyo maana anacheka.

Jumamosi, 10 Mei

Leo tumefika mbali zaidi, mpaka hospitali. Hapo Mama akakumbuka ana mgonjwa wa kumjulia hali. Wodi gani? Ataulizia ndani. Jina? Wanamjua wenyewe! Nimesimama getini kama kitenge kwenye kamba, mlinzi ananiuliza kwa upole kama kizibao hiki ni cha kampuni ya usafi.

Wiki nyingine imeliwa.

Jumatano, 14 Mei

Wifi kaja saluni kwangu kusukwa. Nimemkalisha, nimeanza kugawa nywele, yeye akaanza kugawa maneno. Eti Mama anafurahia mno hizi Jumamosi, nisimharakishe, umri ule si wa kuharakishwa. Kwa sauti ya asali kabisa.

Taa ikaniwakia kichwani. Wamepanga! Mama anakaa, mimi nabaki mkia, mchujo unapita, binti yake anaongeza medali ya pili juu ya televisheni. Na mimi nilikuwa najiuliza kwa nini mtu anunue raba mpya halafu apande pikipiki!

Nilimsuka vizuri. Labda pale kwenye paji nilikaza kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimewaza siku mbili. Kumsukuma siwezi, ni mama. Kumsihi hasikii. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Mama Mkwe hajawahi kukipa kisogo tangu nimeolewa: umbea. Na mimi ni msusi. Dukani kwangu maneno hayapungui, na yakipungua naweza kushona mengine.

Jumamosi, 17 Mei

Hoi! Nimekaribia!

Tulipoanza tu nikamwambia, Mama, kuna mwanamume mmoja hapa mtaani amenunua mapazia jozi mbili zinazofanana, ya njano yenye maua. Jozi moja iko dirishani kwake. Ya pili mkewe hajawahi kuiona. Basi. Nikanyamaza nikapumua kwa nguvu kama nimechoka.

"Eh! Ya pili iko dirisha la nani?"

"Nitakwambia tukipita tangi la maji, Mama. Hapa pana watu."

Kafika tangi mbio. Wallahi mbio! Pale nikampa kipande kingine — kwamba mwanamume huyo hupenda kutoka alfajiri na kurudi ananukia sabuni ngeni. Kwenye kilima nikampa kingine. Kilima kile huwa kinaua vijana, yeye kapanda akiangalia madirisha kulia na kushoto, kofia mkononi. Akataka jina. Nikasema jina ni pale kwenye mstari. Akasema basi nimwambie kazi yake tu. Sasa mimi kichwani sina mtu, sina kazi, nina mapazia tu! Neno lililonijia kwanza ndilo lililotoka: anauza nyama.

Tumefika kona ya shule, mstari unaonekana, utepe unapepea. Nikaanza kufungua vifungo vya kizibao. Mama akasimama. Nyumba ya kona ina mapazia ya njano.

"Hebu," akasema, akabisha hodi, akaingia.

Amekaa humo mpaka wenzetu wametawanyika. Kutoka, ananong'ona: si maua yale, ni majani.

Jumanne, 20 Mei

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Leo mteja wangu wa kwanza kanisimulia hadithi yangu! Mapazia yale yale, ila sasa ni ya kijani na kuna mtoto mchanga. Wa pili akaniambia mapazia siyo mawili, ni matatu. Nikawa naitikia "we!" na "usiniambie!" kama sijui kitu.

Wa tatu alikuwa mke wa Kapteni.

Kakaa, kajitazama kwenye kioo. Halafu: nasikia kuna muuza nyama ana mapazia. Wauza nyama mtaani ni wawili, na mmoja ni mjane mwenye miaka themanini. Akasema mapazia yake ni ya njano kweli, ana jozi moja, na mumewe hutoka alfajiri kila siku. Nikamwambia jamani shemeji, muuza nyama asipotoka alfajiri atauza nini? Akafikiri. Akasema ni kweli. Kisha akauliza, na sabuni?

Nimemsuka bure. Nimesema ni zawadi ya mwezi.

Jumamosi, 24 Mei

Ya leo lazima niyaandike.

Kabla ya kukimbia Kapteni katupanga mstari. Hakupuliza hata filimbi, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema siku nne amekuwa akilala sebuleni. Akasema maneno yametoka ndani ya klabu hii, Jumamosi iliyopita, njiani. Aliyeyasema ajitokeze, na hatakimbia na klabu hii mchujo wala chochote. Kila mtu akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vya Wifi, kwa sababu niliona vinajiandaa kwenda bila mimi.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kweli nilikuwa! Namwonea Kapteni huruma, ni mtu mwema, amri tu ndizo zinamzidi. Lakini Mama Mkwe akajitokeza kabla sijatoa sauti, mkoba begani.

"Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nasimulia habari za marehemu mjomba wangu. Na yeye aliuza nyama. Watu wa siku hizi hawasikilizi mpaka mwisho."

Nani atamfukuza mama wa watu, tena anayesimama wima namna ile? Kapteni akakuna kichwa. Akamwomba tu aende akamweleze mkewe, na Mama akaahidi kwenda jioni hiyo hiyo na mkate wa moto.

Njiani nikamshukuru. Akasema nisimshukuru, nimpe nyingine, maana ile nimeshaiharibu. Kwa hiyo nikamsimulia ya kweli, ya mimi na mume wangu siku aliponitambulisha kwa mama yake, jinsi nilivyofunga mlango wa choo ukagoma kufunguka nikakaa humo nikiwasikia wakiulizana mimi ni wa namna gani. Kumbe yeye siku zote alidhani nilikuwa nalia! Tumecheka mpaka tukashika ukuta wa hospitali.

Halafu, hatua chache kabla ya uwanja, goti. Kashika goti la kulia, kapanda pikipiki kwa mguu huo huo wa kulia. Nitasema nini? Mtu amekuokoa saa mbili asubuhi, utamgombeza saa tatu?

Ijumaa, 30 Mei

Kesho ndiyo ya mwisho. Kesho Mama asipovuka, mchujo utanikuta nimevaa mkia. Kapteni nimemsihi, kasema sheria ni sheria, na mkewe bado anamnusa.

Nimejaribu kujiambia ni mbio tu. Nafsi haikubali. Nina miaka thelathini na nane, nimeamka gizani mwaka mzima kwa ajili ya mbio hizi, nimesuka vichwa nikiwa nimesimama kwa miguu iliyokwisha. Naitaka ile nafasi. Naitaka mpaka inaniuma hapa.

Mume wangu kasema kwa nini nisimwambie tu Mama. Wanaume! Nimwambie nini, kwamba najua amepanga na binti yake?

Jumamosi, 31 Mei

Naandika kwenye simu. Nimemwambia Mama najibu ujumbe wa mteja.

Tumekaa kwenye gogo pembeni ya uwanja. Mstari uko pale! Ningerusha kiatu kingefika. Leo hakuna pikipiki, hakuna mgonjwa, hakuna goti. Njia nzima amekimbia na kutembea vizuri kuliko siku zote, kilimani hakusimama hata mara moja, nikawa najisemea yamekwisha, yamekwisha. Tulipoingia uwanjani akakaa, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka kando yake. Nami nikakaa, maana mkia hukaa.

Kapteni anatutazama na saa. Kasema atasubiri mpaka amalize kukusanya vibao vya njia, kisha anakunja utepe na Jumamosi imefungwa.

Nikamwambia, "Mama, mstari ule pale."

"Nauona. Sijapofuka."

"Basi twende."

"Nikivuka, wiki ijayo mkia ni nani?"

Nikamwambia zamu inayofuata ni ya fundi bomba, yule mrefu mpole anayekimbia kidogo na kusema kidogo kuliko anavyokimbia.

"Yule!" akasema. "Yule ukimwuliza habari, anajibu nzuri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akawa anakung'uta mchanga kwenye kiatu kisicho na mchanga. Akasema mwanawe huja, hula, hutazama simu, huaga. Binti yake huja na saa mkononi, maneno yote ni kasi na mapigo ya moyo. "Wewe unanisimulia. Ya uongo na ya kweli, unanisimulia. Nikivuka pale, umekwisha kuondoka mbele huko na wenzako."

Nikamwuliza wazi. Si Wifi aliyekutuma ukae?

Alinitazama kama nimepungukiwa. "Anitume? Nani alimzaa mwenzake?"

Na sasa hivi nasikia sauti mstarini, kali kuliko zote, inaita Mama njoo, Mama jikaze, vaa kiatu! Ni Wifi. Anarukaruka pale na nywele nilizomsuka mimi kichwani, anamwita mama yake avuke ili mimi nivuliwe mkia nije kushindana naye. Wiki mbili nimemnunia bure.

Nimemwambia Mama nitakuja kumtembeza siku za Jumatano. Akauliza ni Jumatano za kweli au za kwenye mapazia. Nikaanza kuhesabu wateja kwa vidole, na hilo likawa jibu. Jumatano saluni inajaa. Anajua. Kasema hanizuii, nikitaka avuke atavuka sasa hivi, kiatu kimoja au viwili. Alitaka tu nijue.

Sasa najua. Afadhali nisingejua!

Kapteni amebakiza kibao kimoja. Kiatu cha Mama kiko mapajani mwangu, sikumbuki nilikiokota saa ngapi. Miguu yangu inataka kuinuka, naisikia. Na mdomo, Mungu anisamehe, umeshaanza: Mama, huyo fundi bomba unayemdharau, unajua kwa nini hasemi?

Amegeuka. Amesogeza mguu karibu na kiatu, hakuuingiza. "Kwa nini?"

Nimemwambia subiri, nimalize huu ujumbe. Kapteni ameshika ncha ya utepe. Wifi bado anaita. Mama anasubiri, na mimi hata sijui kama nataka kumsimulia hapa au kule mstarini.