Nyundo Saba za Upande wa Kwanza

Mahabusu, 7 Oktoba 1976

Mdogo wangu Malcolm,

Hujambo? Na Mama, mgongo wake unaendeleaje? Mimi mzima, ukiondoa jicho la kushoto. Mwenzangu wa chumba amelifunga kwa ngumi kwa sababu nilimwomba apunguze redio.

Nakuandikia kabla polisi hawajakuita mara ya pili. Jumapili nilimpiga Aubrey mara moja. Moja, Malcolm. Kiti cha mwenyekiti kiko kando ya moto, unajua, na chuma cha kuchokolea makaa kilikuwa karibu na mkono wangu kuliko akili yangu. Wakili anasema pigo moja ni hasira tu. Zaidi ya hapo ni nia.

Akiamka mpe pole yangu. Ila usimwambie nimelikubali lile jina.

Kaka yako,
Royston


Dudley, 12 Oktoba 1976

Kaka Royston,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mgongo uko vilevile, na siku hizi anakulaumu wewe kwa maumivu yake.

Aubrey hajaamka. Amelala hospitali, kichwa kimezungushiwa bandeji kikawa kikubwa kama keki ya harusi. Mkewe, Noreen, amemshika mkono, haachii.

Polisi wametuhoji wote watano. Inspekta alikuwa kama mtu aliyepewa supu kwa uma.

“Watu watano chumbani, mchana kweupe, mwenzenu anapasuliwa kichwa, na hakuna aliyeona?”

Nikamweleza. Jumapili baa hufungwa saa nane mchana, ndipo chama chetu cha kusikiliza santuri kinapopewa chumba cha juu. Tunashusha mapazia, tunafumba macho, na ni mwiko kusema au kusogea mpaka sindano ya gramafoni ifike mwisho wa upande wa santuri.

“Nani alitunga kanuni hiyo?”

“Mwenyekiti wetu. Kaka yangu.”

“Na kelele za kupigwa?”

Nikamwambia santuri ile ina nyundo. Bendi iliingia karakana ya minyororo ikawarekodi wahunzi. Yanapigwa mapigo saba, halafu kimya, halafu kinanda. Kila mtu alidhani ni nyundo.

“Mwenzenu Whitlock, aliyekaa karibu naye, alirukiwa na damu usoni.”

“Alidhani ni bia, afande.”

“Akakaa nayo?”

“Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.”

Akafunga daftari, akaniuliza kama sisi ni dini.

Kaka, kwa nini?

Mdogo wako,
Malcolm


Mahabusu, 20 Oktoba 1976

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mimi nina ubavu mmoja uliovunjika. Nilijibu swali la muziki gani naupenda, nikajibu kwa jina zima.

Unaniuliza kwa nini kana kwamba hukuwepo. Nani aliwafundisha watu wa mji huu kusema progresivu roki? Unakumbuka walivyonishika wanne pale karakanani wakaninyoa kwa mkasi wa bati? “Makelele yako yanaitwaje, mrembo?” Nikawaambia, progresivu roki. Wakauliza tena, nikawaambia tena. Mara ya tatu mmoja akanipiga mdomoni kwa pingili ya mnyororo, meno mawili yakaenda na mafuta ya mashine. Jumapili nikaja na mdomo kama soli ya kiatu, nikafungua mkutano kwa jina lilelile.

Sasa Aubrey, aliyejiunga juzijuzi, ananikabidhi jarida letu la miaka minne, limetoka kurudufiwa, wino haujakauka. Na juu kabisa, kwa herufi za mviringo kama tangazo la sabuni: PROGI.

Nikauliza nani amepitisha. Akasema, “Mzee, mashabiki wote siku hizi wanaita progi. Fupi, linakaa vizuri mdomoni.” Nikamwambia lile refu lilinitoa meno. Akasema, “Ndiyo maana unalitamka vibaya.”

Mkacheka wote. Na wewe, Malcolm. Halafu ukaweka sindano.

Pigo moja. Usisahau.

Kaka yako,
Royston


Dudley, 9 Novemba 1976

Kaka Royston,

Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Mama hajambo kwa sababu hajaambiwa yote.

Aubrey alifariki jana alfajiri. Hakuamka hata mara moja.

Jioni yake nduguye, Dennis, yule mwenye bucha, alikuja na mashemeji wawili. Walinikalisha sakafuni, akanivunjia santuri zangu kichwani, moja baada ya nyingine, arobaini na moja. Kuanzia ya kumi hivi nikaanza kumwelekeza zipi zilikuwa na mikwaruzo tayari. Hilo likamuudhi zaidi. Alipomaliza akaweka vidole vyangu vitatu kwenye bawaba za mlango, akaufunga kwa bega. Ile ya nyundo imepona kwa kuwa iko polisi.

Kabla hajatoka akaniuliza, “Wewe ulisikia nini?” Nikamwambia nilisikia nyundo.

Wewe nakwambia kweli. Santuri ile naijua kuliko ngazi za nyumbani. Nyundo ni saba. Mimi nilihesabu kumi. Ya nane, kisha kimya cha mtu kuvuta pumzi, kisha ya tisa na ya kumi zimefuatana. Halafu nikasikia kiti chako kikilia ulipokaa tena, ukatulia, ukasikiliza kinanda.

Mdogo wako,
Malcolm


Mahabusu, 15 Novemba 1976

Malcolm,

Mimi mzima. Tuache hayo.

Shtaka limebadilishwa kuwa la mauaji. Wakili anasema mfupa umesagika kiasi kwamba daktari wao hawezi kuapa kuwa ni pigo moja au mengi. Wengine wote watasema walisikia nyundo. Pigo moja ni miaka sita, labda saba, natoka Mama akiwa hai. Ukisema matatu, ni maisha. Mimi na wewe tu ndio tunaojua hesabu.

Nisikilize. Sikuombi useme uongo. Nakuomba ufanye ulichofanya siku ile. Ulihesabu nane, ukahesabu tisa, ukahesabu kumi, na ulikaa macho umeyafumba dakika kumi na moja mtu akivuja damu miguuni pako, kwa heshima ya kanuni. Hukuwa na haraka ya ukweli wakati ule.

Ukiona vibaya kunyamaza, kumbuka ni nani aliyekubeba kutoka shule siku waliyokuvunja pua, na kumbuka nilichomfanya aliyekuvunja.

Kaka yako bado,
Royston


Dudley, 4 Machi 1977

Kaka Royston,

Shikamoo. Ulikuwa umenipa mgongo pale kizimbani, kwa hiyo nakusimulia kama mtu ambaye hakuwepo.

Waliamua kuicheza santuri. Karani alileta gramafoni, akauliza muziki huu auandike kwa jina gani. Mwendesha mashtaka akasema roki ya sanaa. Wakili wako akasema roki ya simfoni, kama mtu anayemwombea mteja wake huruma. Whitlock akapaza sauti kutoka nyuma, “Ni progi, bwana.” Nikauona mgongo wako ukishtuka. Jaji akasema iandikwe “santuri moja”.

Wakaicheza yote. Dakika ishirini na mbili, wananchi kumi na wawili wa jopo la kuamua kesi, Noreen kwa nguo nyeusi, Dennis akikunja na kukunjua ngumi. Tulifumba macho, sisi watano wa chama. Ni mazoea. Mwanamke mmoja wa jopo aliona akaanza kulia.

Nyundo zilipofika, nilizihesabu kwa vidole vilivyobaki. Saba. Halafu kimya. Kinanda.

Wakaniuliza, “Na Jumapili ile ulisikia ngapi?”

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kusema saba. Naapa kwa Mama. Lakini kile kimya, Royston. Kwenye santuri ni kimya kisafi, unasikia hata vumbi. Sikuwahi kukisikia kikiwa kisafi tangu siku ile. Nikasema kumi.

Wewe ukageuka hapo, mara moja tu. Sikuelewa uso wako. Haukuwa wa hasira.

Nimekupa maisha gerezani, na sitaki unisamehe kwa hilo. Ninachokuuliza ni kingine, nijibu ukiweza. Baada ya pigo la nane ulivuta pumzi. Kama ningefumbua macho pale, nikapiga kelele, Aubrey angekuwa hai? Najiuliza hilo nikinyoa, nikila, nikifunga viatu.

Mdogo wako,
Malcolm


Dudley, 18 Desemba 1977

Kaka Royston,

Hujambo huko? Hii ni barua ya tano bila jibu, na sasa naandika kwa ufupi.

Mama alizikwa Jumanne. Nasikia uliombewa ruhusa ya kuja mazishini, ukakataa kuja na pingu. Dennis alikuja makaburini akasimama mbali. Nilimfuata, nikadhani atanipiga, na kusema kweli ningefurahi. Alinipa mkono, ule wa kushoto, kwa kuwa anaujua wa kulia.

Chama kimekufa. Polisi wamenirudishia santuri ya nyundo. Sijaicheza. Bado nauliza swali lilelile.

Mdogo wako,
Malcolm


Gerezani, 3 Oktoba 1978

Mdogo wangu Malcolm,

Hujambo? Mimi mzima. Sikio moja halisikii tena, lilipigwa na ndoo, lakini lililobaki linatosha.

Leo ni miaka miwili. Kuna vijana watatu humu wanaopenda muziki wetu. Jumapili mchana tunakaa ukumbini, tunasimuliana pande nzima za santuri kwa mdomo, mmoja anapiga ngoma mezani. Wote wanaita progi. Nimeacha kuwasahihisha.

Mahakamani niligeuka kwa sababu ulikosea hesabu. Ulisema matatu. Yalikuwa manne. Mimi nimefanya kazi ya nyundo miaka tisa, na santuri ile naijua kuliko wewe, sikuwahi kukwambia kwa kuwa ulipenda sana kuijua. Nilisubiri nyundo ya saba. La kwanza lilishuka pamoja nayo, palepale, hata unywele usingepita katikati. Hilo hukulisikia. Hakuna ambaye angelisikia. Lilimpata nyuma ya sikio, akalegea kama koti lililoanguka kutoka msumarini. Uliyoyahesabu wewe nilimpiga mtu ambaye hakuwepo tena.

Kwa hiyo kwenye kile kimya hapakuwa na cha kuokoa. Fumbua macho, usifumbue, ni mamoja.

Ningeweza kukuandikia haya mwezi Machi mwaka jana. Sikutaka ulale.

Icheze sasa. Nenda mpaka mwisho wa upande.

Kaka yako,
Royston