Siku Niliyomwacha Mwanaidi Jukwaani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ipagala hatujambo. Babu yako amemaliza kuvuna zabibu, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama umnadi rafiki yako anayegombea urais wa wanafunzi, ilhali kiti hicho ulikitaka wewe.

Nami chuoni nilikuwa na rafiki, Mwanaidi wa Kondoa. Alipogombea urais nilimwandikia hotuba, huku wivu ukinila, maana watu walimpenda kabla hajafungua kinywa. Siku ya kampeni akasahau maneno katikati. Akanitazama pale mstari wa mbele. Nilikuwa nayajua yote, lakini niliinama nikajifanya nafunga kiatu. Wakamzomea, na kura zikamkataa.

Jioni alinifuata bwenini.

"Ulikuwa unayajua," akasema.

"Ndiyo. Nilikuonea wivu."

Akaketi ukingoni mwa kitanda changu. "Mimi nilitaka uwe makamu wangu. Nilikuwa nangoja tu siku ya kukuambia."

Tulisalimiana mpaka tunamaliza chuo, lakini hakunitembelea tena.

Wivu bado ninao, Neema. Niliposoma barua yako nilikuonea wivu hata wewe, kwa sababu rafiki yako bado hajapanda jukwaani, nawe bado hujainama.

Bibi yako